Linda Huonekana Mapumzikoni

Gona Tinga alikuwa mshonaji wa magunia katika soko la Kongowea. Malori ya vitunguu na viazi yalipoingia kutoka bara, hayakukosa magunia yaliyopasuka njiani, na kazi yake ilikuwa kukaa kigodani kando ya ukuta, shazia mkononi, ile sindano nene ya magunia, akiziba matundu kabla wapakiaji hawajayabeba. Ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya tangu asubuhi hadi alasiri bila kusema neno ila "lete" na "chukua". Gona hakuwa na neno nayo. Mkewe Nyevu alifariki binti yao alipokuwa kidato cha pili, na tangu hapo hakuona cha kuzungumza sana na watu.

Binti huyo, Linda, ndiye mtoto wao wa pekee. Alirefuka mpaka Nyevu, enzi za uhai wake, akachoka kumshushia pindo za sketi. Shule moja ya Kilifi ikamchukua kwa urefu huo na kumfundisha mpira wa vikapu. Katika michezo ya shule za sekondari akaonekana na kocha mgeni kutoka Marekani, na mwaka uliofuata akapata ufadhili katika chuo kidogo kule, kwenye jimbo ambalo theluji huanza kuanguka mwezi wa Novemba na watu wakaisahau rangi ya udongo mpaka Machi.

Siku ya safari Gona alimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Linda alilazimika kuinama ili babake amwekee mkono kichwani na kumwombea. Kisha akaingia ndani na mkoba wake, na Gona akarudi Utange, kwenye vyumba vyake viwili. Kwa wiki kadhaa aliendelea kupika sima ya watu wawili. Mwishowe akaenda dukani akanunua sufuria ndogo, na ile kubwa akaiinamisha juu ya kabati.

Linda alikuwa akipiga simu siku za Jumapili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema tu, Baba. Baridi, lakini nimezoea."

"Wenzio je?"

"Wazuri. Tunapendana sana."

Mazungumzo yao yalikuwa hivyo, mafupi na safi, kama ya watu wanaopeana habari langoni. Siku moja Linda alimtumia anwani ya mtandao ambako chuo chao kilionyesha mechi zake bure. Alipoituma akaongeza: "Lakini usipoteze bando lako, Baba. Mimi bado sichezi. Niko benchi."

"Nitatazama siku moja moja," Gona akasema.

Jumamosi iliyofuata, adhana ya Isha ilipokuwa imekwisha na kule kwa akina Linda ni mchana, aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaketi. Uwanja ulionekana mdogo na wa mbali, kwa maana kamera ilikuwa moja tu, imewekwa juu katikati, na aliyeishika alikuwa akiufuata mpira mbiombio. Wasichana kumi walikimbia huku na kule. Linda hakuwa mmoja wao. Gona alijaribu kumtafuta benchini, lakini kila jicho lake lilipofika pembeni, mpira ulikwenda upande wa pili na kamera ikaondoka nao.

Halafu filimbi ikalia na wachezaji wote wakatembea kuelekea kando. Kamera ikatulia. Na pale pale, kutoka mwisho wa benchi, msichana mrefu aliyevaa suti ya mazoezi akainuka na vigoda vitano vya kukunja, akavipanga haraka uwanjani. Wachezaji wakakaa. Yeye akawagawia chupa za maji, kisha akasimama nyuma yao, uzito wote kwenye mguu mmoja, kiganja kiunoni. Hivyo ndivyo Nyevu alivyokuwa akisimama kwenye foleni ya maji.

"Ndiye," Gona akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mapumziko yale yalikuwa marefu. Kipaza sauti cha ukumbini hakikuzimwa, kwa hiyo alisikia ngoma, kelele za watoto, na mtu akikohoa karibu na kamera. Kisha honi ikalia, Linda akakusanya vigoda vyake, akarudi kukaa, na mpira ukaanza tena. Hakuonekana mpaka ulipofika mwisho wa robo ya mchezo.

Jumatatu yake sokoni, Gona alimtafuta Phineas. Huyu alikuwa mpakiaji kutoka pande za Siaya, mtu wa miraba minne, aliyewahi kuchezea timu ya vikapu ya kampuni moja ya bandarini kabla goti halijamsaliti. Alimkuta amekaa juu ya gunia akila chapati na maharagwe.

"Phineas, hebu nifahamishe. Kule Marekani mchezo hukatika katikati, watu wote wakasimama kando muda mrefu. Ni kocha anayeomba?"

Phineas akacheka. "Hapana, Mzee Gona. Yale ni mapumziko ya matangazo. Wenye runinga ndio wanaotaka."

"Runinga inasimamisha mchezo?"

"Kabisa! Sikiliza. Wasichana wa vyuo wanacheza robo nne, kila robo dakika kumi, na saa yao inahesabu kurudi nyuma. Saa ikishuka chini ya dakika tano, filimbi ya kwanza itakayolia, kama mpira umetoka ama mtu amemsukuma mwenzake, basi mchezo unasimama ili watu waonyeshwe matangazo ya biashara. Kuna mtu wa runinga amekaa pale mezani na wale wanaohesabu pointi. Mpaka yeye aseme matangazo yameisha, refa hawezi kurudisha mpira."

"Na kocha?"

"Kocha ana mapumziko yake ya kuomba, lakini hayo ni mafupi, na anahesabiwa. Haya hayahesabiwi kwake. Anayatumia tu kupanga timu, kwa sababu amepewa bure."

"Na ikiwa filimbi hailii?"

"Wanangoja. Mpira ukiwa unachezwa haukatizwi kwa ajili ya sabuni. Siku nyingine wanakimbia mpaka dakika ya tatu, na mwenye matangazo yake anauma kucha."

Gona akafikiri kidogo. "Lakini mimi sijaona tangazo lolote. Naona uwanja tu."

"Kwa sababu unatazama mtandao wa chuo. Ni kachuo kadogo, nani atalipa kutangaza huko? Pengine redio ya mji wao ndiyo inasoma matangazo ya maduka wakati huo. Sheria ya kusimama ni ile ile, lakini kamera yao haina pa kwenda. Inabaki imefunguliwa." Phineas akapangusa mikono. "Kwani wewe umeanza lini kupenda vikapu?"

"Nimeanza juzi," Gona akajibu, akarudi kwenye kigoda chake.

Tangu hapo alitazama mechi kwa namna yake mwenyewe. Mpira kuingia au kutoingia kulikuwa shauri la wengine. Yeye alitazama saa pembeni mwa kioo ikishuka, sita, tano na nusu, na ilipopita tano alianza kuinamia simu. "Pulizeni basi," alinong'ona. "Mwangusheni mmoja." Alijionea aibu kidogo kuwaombea watoto wa watu waanguke, lakini aliendelea kuwaombea. Filimbi ilipolia, Linda aliinuka.

Kwa vipande hivyo vya dakika chache alijifunza mambo ambayo simu za Jumapili hazikumwambia. Aliona nywele zimesukwa upya, kisha zimefumuliwa na kuachwa. Aliona bendeji gotini, na Jumapili alipouliza kama ana maumivu popote, Linda akasema hana. Na mwezi wa Januari aliona jambo ambalo alitamani asingeliona.

Linda alikuwa akikaa kiti cha mwisho, na kati yake na msichana wa karibu palikuwa na kiti kitupu. Mwanzoni Gona alidhani ni cha vifaa. Lakini mechi baada ya mechi kiti kile kilibaki kitupu. Linda alipogawa chupa, mikono ilipokea bila nyuso kuinuka. Wenzake walipokumbatiana kwa kurusha mpira mzuri, yeye alikuwa ukingoni, akipiga makofi peke yake, nusu hatua nyuma ya mabega yao. Mara moja alisema kitu, na hakuna aliyegeuka. Akafunga mdomo, akatazama chini, akaanza kukunja kigoda ambacho hakikuwa cha kukunjwa bado.

Gona hakulala vizuri siku hiyo.

Jumapili akauliza, kama kawaida, "Wenzio je?"

"Wazuri, Baba. Jana tulienda wote kula piza."

Alitaka kumwambia. Angemwambiaje kwamba ameona? Kila mtu ana haki ya kuficha aibu yake, na Linda hakujua kwamba babake, maelfu ya maili kutoka pale, alikuwa akichungulia katika kitundu hicho kidogo. Zaidi ya hayo aliogopa kwamba Linda akijua, ataanza kuigiza furaha hata pale benchini, na Gona hatamwona tena yeye mwenyewe.

"Piza ni tamu?" akauliza.

"Tamu, Baba."

Basi timu ile ikaanza kushinda. Ilishinda Februari nzima, ikatwaa ubingwa wa ligi yao, na ikapata nafasi katika mashindano makubwa ya mwisho wa msimu, yale yanayoonyeshwa nchi nzima kwenye runinga kubwa, na mpaka huku kwetu kwa wenye madishi. Linda alipiga simu siku isiyo Jumapili.

"Baba! Tunaingia kwenye runinga! Hata huko mtatuona!"

Gona alisikia sauti yake imechangamka kweli, na akafurahi naye. Alikwenda moja kwa moja kwa Hashim, mwenye banda la kuonyeshea mpira pale mtaani, mabenchi ya mbao na kioo kikubwa ukutani.

"Linda wetu?" Hashim alisema. "Wallahi siku hiyo naweka vikapu! Waache wa kandanda wanune."

Habari ikazunguka Utange. Jioni yenyewe banda lilijaa kabla ya saa moja. Wengine hawakuwa wamewahi kuona mpira wa vikapu maishani. Mwanasaumu, jirani mzee aliyesaidia kumlea Linda tangu uchanga, na zaidi baada ya Nyevu kufariki, alikuja na leso mpya, akawekewa kiti mbele. Phineas alikuja kutoka mtaa wa Ziwa la Ng'ombe akiwa amekwisha oga. Gona alivaa shati lake la kanisani.

"Yuko wapi?" watu wakauliza mchezo ulipoanza.

"Yuko benchi," Gona akasema. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajikuta akiwaeleza watu jambo mbele ya umati. "Subirini saa ishuke chini ya tano. Filimbi ikilia, wataketi kando, na yeye atainuka. Mtamwona vizuri. Anasimama nyuma yao."

Kamera zilikuwa nyingi mno. Ziliruka kutoka uso hadi uso, kutoka kikapu hadi kocha hadi wazazi wenye kofia za rangi moja, na kila kitu kiling'aa. Gona akawaza: leo nitamwona kwa karibu, huenda nikaona mpaka macho yake. Saa ikashuka. Tano. Nne na nusu. Mpira ukagonga mguu wa mtu ukatoka, na filimbi ikalia.

"Haya, sasa!" Gona akasimama.

Wachezaji wakaanza kutembea kuelekea kando. Hatua mbili, tatu. Kisha uwanja ukatoweka, na kioo kizima kikajaa gari jeusi likipanda mlima.

Watu wakanyoosha shingo. Likafuata gari jingine, halafu dawa ya meno, halafu familia moja ikila kuku na kucheka, halafu mechi za kandanda za wiki ijayo, ambazo vijana walizishangilia.

"Linda ndiye yule anayekula kuku?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Uwanja uliporudi, mpira ulikuwa tayari mikononi mwa anayeurusha ndani. Vigoda vilikuwa vimekwisha ondolewa.

"Subirini mwisho wa robo," Gona akasema, lakini ndani alikuwa amekwisha kuelewa. Phineas naye alikuwa ameelewa, kwa maana aliinamisha kichwa. Kwenye ule mtandao mdogo wa chuo hapakuwa na cha kuuza, ndipo Linda akabaki kwenye kioo. Hapa kila dakika ya kusimama ilikuwa imeuzwa zamani. Nyakati zote ambazo mwanawe alikuwa akiinuka ndizo nyakati ambazo dunia ilionyeshwa magari.

Mwisho wa robo yakaja matangazo. Robo ya pili ikawa vilevile. Mara moja tu picha ilirudi mapema kidogo, na kwenye pembe ya kioo ukaonekana mkono ukinyakua kigoda.

"Ule! Ule mkono!" Gona akapaza sauti. "Ndiye!"

Watu walitazamana. Mzee mmoja, kwa upole kabisa, akamwuliza, "Baba Linda, una hakika mtoto yuko kwenye timu hii?"

Mwanasaumu akageuka kwa hasira. "We! Mtoto nimemwogesha kwa mikono yangu hii, leo nitausahau mkono wake?"

Lakini vijana walikuwa wamechoka. Mmoja akaomba kandanda, mwingine akamuunga mkono, na Hashim akabaki na rimoti mkononi, akimtazama Gona kama mtu aliyekosa mbele ya mgeni wake. Gona hakutaka kumwacha ateseke.

"Badilisha, Hashim," akasema. "Nimekwisha mwona."

Akatoka. Mwanasaumu alimfuata, wakatembea pamoja mpaka mlangoni kwake.

"Mwanangu Gona, kula kitu kabla ya kulala," akamwambia. "Na usiwaweke moyoni."

"Sikuwaweka, mama."

Ndani, alifungua simu na kujaribu mtandao wa chuo. Badala ya uwanja palikuwa na maandishi kwenye kioo cheusi. Hata bila kuyaelewa yote alijua maana yake: mechi hii ina wenyewe. Akaizima, akakaa kitandani na shati lake la kanisani. Usiku ule vyumba viwili vilikuwa vikubwa kwake kuliko siku aliyorudi kutoka uwanja wa ndege.

Linda alipiga simu kesho yake mchana, Gona akiwa sokoni. Alisikia kilio kabla ya salamu.

"Tumeshindwa, Baba."

"Pole, mwanangu."

"Ulituona?"

Gona aliweka shazia chini. Alitafuta jibu la kumfurahisha, kama yale waliyozoea kupeana, na hakulipata.

"Sikukuona," akasema. "Kila ulipoinuka walitia matangazo. Mimi huwa nakuona kwenye ule mtandao wenu. Wakisimama, nakuona ukipanga vigoda."

Kilio cha Linda kikakatika.

"Unatazama?" Linda akauliza polepole. "Kila mechi?"

"Kila mechi. Linda, kwa nini hicho kiti cha kando yako hakikaliwi?"

Gona akaibana simu sikioni kuishinda kelele ya soko. Kisha akasikia mwanawe akilia tena, si kilio cha mchezo sasa. Linda akaeleza. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfanyia ubaya. Hawakumchukia, hawakumkumbuka tu. Walifahamiana tangu utotoni, walicheka mambo asiyoyajua, na yeye kila alipotaka kusema kitu alikipanga kwanza kichwani, na akimaliza kukipanga maongezi yalikuwa yamekwisha kupita. Piza hakula na mtu. Kuna siku, akasema, sauti ya kwanza anayoisikia ikimwita kwa jina ni ya kocha, jioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe, Baba, ungeniambia? Kila nikikuuliza unasema hujambo. Mwanasaumu ndiye aliyeniambia ulinunua sufuria ndogo."

Gona akatazama ukuta. Lori lilikuwa likirudi kinyumenyume na watu wakipiga kelele, na hakusikia hata moja.

"Unataka kurudi?" akauliza, na moyo wake wote ulikuwa ukisema sema ndiyo.

"Sijui."

"Basi maliza mwaka. Ukiona huwezi, njoo. Vyumba viko." Akaiokota shazia. "Lakini usiwangoje hao wa timu. Toka nje utafute mtu wa kuzungumza naye, hata kama ni mmoja."

Linda alimaliza mwaka, akabaki. Msimu uliofuata, kwa sababu ya ule ubingwa, mechi za ligi yao zikanunuliwa zote na kituo cha kulipia, na mtandao wa bure ukafungwa. Gona hakupata njia ya kumwona tena. Jumamosi jioni alikwenda kwa Hashim, akakaa benchi la nyuma akitazama kandanda, mchezo ambao haukatizwi na mtu isipokuwa wakati wa mapumziko, na akarudi nyumbani mapema.

Simu za Jumapili, hata hivyo, zilikuwa zimebadilika. Sasa waliambiana ukweli: Gona alimwambia siku ambazo hakuwa na hamu ya kupika, naye Linda akamwambia siku ambazo hakutoka chumbani. Kwa miezi michache yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, marefu hata kuliko ya wakati wakiishi nyumba moja.

Kisha, mwezi wa Novemba, Linda akamweleza kwamba dukani alimsikia mwanamke akimkemea mtoto kwa Kiswahili. Alikuwa Mkongo, Mama Asifiwe, aliyehamia mji ule na watoto wanne. Kiswahili chake kilikuwa cha namna nyingine, lakini alipomsikia Linda akimsalimu alimkumbatia katikati ya duka, akamwambia Jumapili aje ale ugali na sombe, kisamvu cha kwao.

Jumapili ya kwanza Linda alisimulia yote, chakula na watoto na nyimbo. Ya pili alisimulia nusu. Ya tatu alipiga simu akiwa huko huko, na Gona alisikia sahani zikigongana, watoto wakigombana, na mwanamke akicheka kicheko kikubwa.

"Baba, wanakusalimu wote!"

"Wasalimu sana."

"Umekula?"

"Nitakula sasa hivi."

Sauti ya yule mwanamke ikaita kwa nyuma: "Linda! Njoo, mezani tunakungoja wewe!"

Linda akasita. Gona alimsikia akisita, akajua anamngoja yeye amruhusu.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Usiwacheleweshe watu na chakula."

"Nitakupigia, Baba."

"Haya."

Simu ikakatika. Gona akaishika kidogo zaidi sikioni, kisha akaiweka mezani. Nje, Mwanasaumu alikuwa akianua nguo. Akainuka, akachota maji ya sima kwenye ile sufuria ndogo, akawasha jiko.